Kuku wa Darasa la Tatu

Siku toleo la tisa lilipoingia, mchoraji alikuwa uani anaanika mashuka. Ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi. Kwenye kompyuta, pale mezani sebuleni, alikuwapo kuku aliyepasuliwa ubavu ili watoto wa darasa la tatu waone chakula kinapita wapi: mdomo, kisha gole, yaani kile kifuko cha shingoni, kisha firigisi, kisha utumbo. Mchoraji alikuwa amemchora kuku huyo kwa miaka kumi na tisa. Kila mtaala ulipobadilika, kuku alibadilishwa rangi, au aligeuzwa atazame upande wa pili, ili wakubwa waone kazi imefanyika.

Kompyuta ilikuwa inaomba kusasisha programu ya kuchorea tangu Jumapili. Jumapili mchoraji alibonyeza "Baadaye". Jumatatu akabonyeza "Baadaye" tena, maana alizijua tabia za matoleo mapya: unaamka unakuta kifutio kimehamishiwa kusikojulikana, na rangi zimepangwa upya na mtu ambaye hajawahi kuchora hata kikombe. Jumanne kompyuta iliomba mara ya tatu. Aliyekuwa karibu ni mama yake, anafuta vumbi.

Mama alikuwa karani wa posta, sasa amestaafu. Kwake yeye, mtu akiomba mara tatu kwa adabu hanyimwi. Hata pale dirishani, mteja aliyerudi mara ya tatu bila kutukana mtu alihudumiwa, fomu yake iwe na kasoro isiwe nayo. Ombi la kompyuta lilianza na neno "Tafadhali". Mama alivaa miwani, akasoma sentensi ya kwanza kati ya kurasa hamsini na mbili, akabonyeza "Nakubali" kwa dole gumba, kwa nguvu, kama alivyogonga mihuri kwa miaka thelathini.

"Nimekumalizia ile shughuli," alimwambia mwanawe alipoingia na beseni tupu.

"Shughuli gani, mama?"

"Hicho kidude chako kilikuwa kinaomba. Nimekipa."

Toleo la tisa lilikuwa zuri. Hilo nalo lisemwe, tusije tukaambiwa tuna chuki. Programu ilifunguka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Rangi ziliacha kugandagandana. Kuku alimalizika saa saba mchana badala ya kesho yake, na mchoraji akamtuma kwa mhariri kule kwa mchapishaji, akasema kumbe mama hakukosea.

Kesho yake alikwenda bucha. Mwenye bucha alikuwa anamaliza kuchora ini kwenye karatasi ya kufungia nyama. Lilikuwa ini zuri, lenye kivuli upande wa chini. Mchoraji aliutazama mstari wake wa juu. Ulipanda, ukasita kidogo kama mtu aliyekanyaga kijiwe, kisha ukaendelea.

Kusita huko alikufahamu. Alipokuwa na miaka tisa, anamsubiri mama yake kazini, mlango wa kabati la chuma ulimbana kidole kidogo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga vibaya. Tangu siku hiyo kila mstari wake uliopinda husita ukifika juu, kwa sababu kidole hicho ndicho kinachoteleza juu ya karatasi na kubeba uzito wa mkono. Walimu walimchapa kwa kusita huko. Baadaye watu wa vitabu walimlipa kwa kusita hukohuko, wakisema michoro yake ina uhai.

"Naona umeanza kuchora," alisema.

"Tangu jana jioni, dada. Kuna brashi mpya, namba mia na kumi na nne. Mwezi wa kwanza bure. Nimeipakua kwenye simu, na sasa hata simu siihitaji, imeshaingia mkononi." Alimkatia nusu kilo ya nyama yenye mafuta kidogo kama anavyopenda. "Ila inauma hapa," akaonyesha kidole kidogo. "Hasa asubuhi."

"Kibane kwapani," mchoraji alimwambia. "Kitapoa."

Kufikia Ijumaa fundi cherehani alikuwa anachora magauni ukutani kwa chaki. Trafiki wa njia panda alichora ajali vizuri kiasi kwamba waliogongana waliacha kugombana, wakaomba nakala. Mistari yao yote ilisita mahali palepale. Mchoraji alirudi nyumbani, akafungua zile kurasa hamsini na mbili, akazisoma zote. Ukurasa wa arobaini na nne ulisema kwamba mtindo, uzito wa mkono na kasoro zote za mtumiaji zitagawiwa kwa watumiaji wengine ili kuboresha huduma, katika vifaa vyote vya sasa na vijavyo, ikiwemo mikono.

Wezi wa zamani angalau walijua kwamba wao ni wezi. Wakikutana na wewe dirishani walikimbia. Hawa wanabisha hodi, wanakuuliza ungependa kuibiwa kwa lugha gani, na wakimaliza wanakuomba uwape nyota tano.

Jumatatu mhariri alipiga simu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu kuku wa kwanza.

"Dada, usikasirike," alisema.

"Sijakasirika bado. Sema."

"Kitabu cha mwaka huu nakichora mwenyewe. Jalada anachora mhasibu. Bosi kaona hakuna sababu ya kutoa kazi nje wakati mkono upo hapahapa ofisini."

"Mkono wangu."

"Mkono wa programu, dada. Sisi tumelipia leseni."

"Nimekutumia kuku wiki iliyopita."

"Nimempokea. Mzuri. Lakini nimechora mwingine, na ukiwaweka wote wawili mezani, hata mama yako mzazi hatawatofautisha." Alikohoa. "Kazi ni kazi, dada yangu. Mimi natumwa tu."

Mchoraji alikata simu. Akaiangalia kompyuta, akatamani kuibeba kama ilivyo, na waya zake, aitupe barabarani. Hakuitupa. Ndiyo ile aliyoinunua kwa malipo ya kuku wa miaka minne.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mama yake alisema kutoka mlangoni.

"Mama, tafadhali, methali zako leo hapana."

"Sijamaliza. Hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kupiga deki. Nitakwenda na wewe kwao. Nitawaambia kidole kilichobonyeza ni changu."

Ofisi ya wakala wa programu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Mama alivaa suti yake ya kazini, ile ya kijivu, na akachukua kitambulisho cha posta kilichokwisha muda. Walikaa kwenye viti vya plastiki vyenye rangi ya machungwa. Afisa wa huduma kwa wateja alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliotia hasira zaidi, maana mtu akikutukana unajua pa kumjibu.

"Mimi ndiye niliyebonyeza," mama alimwambia. "Yeye alikuwa anaanika."

"Asante sana, mama, kwa kuchagua toleo la tisa," afisa alisema.

"Sikuchagua. Niliombwa."

"Na ukakubali. Tunashukuru."

Mchoraji aliuliza afanye nini ili mstari wake urudi. Afisa alisema utaratibu upo, na hauna gharama: mtu yeyote anayedai kuwa yeye ndiye chanzo cha brashi anapewa ubao, anachora, na mfumo unampima. Alimletea ubao. Mchoraji aliomba achore kuku. Alichora gole, firigisi, utumbo, mapaja na mkia, na mstari wake ulisita kila ulipopaswa kusita. Hakuwahi kumchora kuku kwa uangalifu namna ile. Mama yake alishika pumzi mpaka mwisho.

Mfumo ulitoa asilimia sabini na moja.

"Anayehesabiwa kuwa chanzo anatakiwa afike tisini na tano," afisa alisema. "Kidole chako leo kimevimba kidogo, labda ni hilo. Na mkono unazeeka, dada, ni jambo la kawaida. Kampuni inatunza ule mkono wa siku ya kusasisha." Alipekua kwenye skrini yake. "Mpaka sasa aliyekaribia zaidi ni mwenye bucha mmoja. Ana tisini na nane."

"Huyo amenikatia nyama miaka kumi."

"Basi mnafahamiana. Vizuri."

"Kwa hiyo mimi si mimi."

"Wewe ni wewe asilimia sabini na moja. Ukipenda naweza kukuwekea brashi namba mia na kumi na nne, itakupandisha. Mwezi wa kwanza bure."

Mama alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, na kwa miaka thelathini hakuna mteja aliyemsikia akipandisha sauti. "Mwanangu aliumia kidole hicho kwenye kabati langu," alisema, na duka la miwani chini lilisikia. "Alilia usiku kucha, mimi ndiye niliyemshika. Huyo wa bucha alikuwa wapi? Wewe ulikuwa wapi?"

Afisa aliandika kwenye kompyuta kwamba mteja ametoa maoni. Kisha akawauliza kama kuna jambo jingine angeweza kuwasaidia leo.

Malalamiko yaliyoifikia kampuni, hata hivyo, hayakuwa ya mchoraji peke yake. Asubuhi za baridi watu mia mbili, kisha elfu mbili, walikuwa wanabana vidole kwapani. Mhasibu wa mchapishaji aliomba ruhusa ya ugonjwa. Wote hao walikuwa wamelipia leseni, au wangelipia mwezi wa bure ukiisha, kwa hiyo walisikilizwa. Baada ya wiki tatu likatoka toleo la tisa nukta mbili, lenye maelezo mafupi: kuonekana kwa vivuli kumeboreshwa, na maumivu ya kidole kidogo yameondolewa kwa watumiaji wote na kurejeshwa kwenye chanzo.

Ofisi ilikuwa imemwambia yeye si chanzo. Maumivu hayakupata taabu hiyo. Yalimjua, yakaja yote siku ileile, saa mbili asubuhi, akiwa ameshika birika.

Kila mtu alipochora, maumivu yake yalimfikia yeye, na baada ya siku chache alizoea kuyatofautisha. Mwenye bucha alikuja kwa mvuto mfupi mnene, kwenye saa kumi jioni wateja wakipungua. Fundi cherehani alikuwa mrefu, anakwenda kama mshono. Trafiki alikuja mara mbili au tatu kwa siku, na barabara zikilowa alikuja mara nane. Mhariri alikuwa na mkono wa haraka usiojua unakokwenda, na Alhamisi moja mchoraji alihisi kitu kilichomfanya apige simu mwenyewe.

"Firigisi umeiweka juu ya gole," alisema.

"Umejuaje?" mhariri aliuliza.

"Kidoleni."

"Ahaa." Akasikika anafuta. "Hapo?"

"Shusha. Shusha tena. Hapo. Watoto wasidanganywe."

"Asante sana, dada. Umetuokoa." Tangu siku hiyo mhariri hakuhitaji kumpigia kuuliza. Alichora tu, kisha akasubiri dakika tano. Simu isipolia, alijua mchoro uko sawa. Katika karatasi za ofisi hatua hiyo iliitwa ukaguzi wa ubora, na haikuwa na bajeti.

Mama alimuuliza kwa nini asiwaache wakosee. Mchoraji alisema alijaribu mara moja, kwenye mchoro wa moyo, na hakuweza. Mtoto wa darasa la tatu hana kosa lolote katika mambo haya. Walikuwa wanalijua hilo, yule mhariri na bosi wake. Walikuwa wameshaliingiza kwenye mipango yao bila kuliandika popote, na ndiyo maana kila alipoweka chini simu alipiga meza kwa mkono wa kushoto ambao haukuwa na kazi nyingine.

Kitabu kilitoka mwezi wa kwanza. Mama alikinunua, akakipitia kwa miwani kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi mwanzo, akitafuta jina. Penye neno "Michoro" paliandikwa namba ya leseni. Kwenye jalada la nyuma kulikuwa na zawadi kwa wanafunzi: kila mtoto aliyekwangua pale penye rangi ya fedha alipata brashi namba mia na kumi na nne, bure, mpaka amalize shule ya msingi. Magazeti yaliisifu kampuni kwa moyo wa kutoa.

Kuku alikuwa ukurasa wa thelathini na moja. Chini yake palikuwa na zoezi: Mchore kuku huyu katika daftari lako.

Shule zote zinafuata ratiba moja, na sayansi ya darasa la tatu ni Jumatano, kipindi cha nne. Jumatano ya wiki ya sita ya muhula, saa tano kasoro dakika tano, mchoraji aliweka kiti uani, akakunja mkono wa blauzi. Mama alitoka na beseni la maji na ndoo mbili za akiba, akakaa mbele yake kwenye kigoda. Saa tano ilipogonga, watoto laki moja na elfu ishirini walinoa penseli, wakaanza mdomo.

Mchoraji alitumbukiza mkono. Mama alimshika kifundo, akawa anamwagia maji taratibu kwa kikombe. Maji ya beseni yalipopata moto, aliyamwaga kando, akajaza mengine.

"Wamefika wapi?" aliuliza.

"Gole."

Mama akaendelea kumwagia. Jirani alipita na mzigo wa kuni, akawasalimu, wakamwitikia.

"Na sasa?"

"Firigisi." Mchoraji alifumba macho, akasikiliza kidole. "Wameiweka mahali pake, mama. Wote."

"Basi karibu wanamaliza."

"Kuna mmoja anafuta," mchoraji alisema. "Anaanza upya."

Mama akavuta ndoo ya pili.