Chupa Chini ya Glavu

Jamani, ghorofa ya tatu ilikuwa vigelegele vitupu! Spana, yule fundi bomba mstaafu, kamwaga pombe yake yote kwenye sinki, tangu juzi hajaonja hata tone. Wazee wa zile nyumba za serikali wakamkalisha kwenye kiti kizuri cha ukumbini, wakampa chai, wakampigia makofi kama bwana harusi.

Mkunga, jirani yao mzalishaji, peke yake hakupiga makofi. Macho yake yalikuwa kwenye kikombe. Kilikuwa kinagonga kisahani, ka-ka-ka, na jasho linamtiririka Spana mpaka kwenye kola. Halafu Spana akaanza kufukuza nzi. Nzi mwenyewe hayupo.

"Sumu inatoka hiyo," akasema Mama Redio, jirani ambaye habari zote za jengo lazima zipitie kwake. "Vumilia, kaka!"

"Ita gari la wagonjwa," akasema Mkunga.

"Mtu kaacha pombe, unamwitia gari la wagonjwa? Shoga, wewe unajua nini kuhusu walevi?"

 Miaka kumi na miwili Mkunga anaheshimiwa pale, nusu ya wajukuu wao kawapokea yeye, na hakuna anayejua siri yake. Akinyamaza, heshima inabaki. Akamtazama Spana, anapangusa wadudu kwenye shati lisilo na kitu.

"Najua kwa sababu nilikuwa mlevi," akasema. "Chupa nilikuwa naificha kwenye begi la kuzalishia, chini ya glavu. Siku nilipoacha ghafla, peke yangu, nilianguka kwa degedege jikoni. Mwili uliozoea pombe miaka yote ukiukatia ghafla, unaweza kufa. Hospitali wana dawa za kumtoa kwenye pombe taratibu. Haya, simu!"

 Mama Redio akachomoa simu mkobani. Kisha akapiga, vidole vikimtetemeka kuliko vya Spana.

Degedege lilimshika Spana garini, lakini tayari alikuwa mikononi mwa wenye kazi yao.

Siku ya tisa Spana huyo, kanyoa ndevu, anagonga kwa Mkunga na spana yake mkononi, eti kaja kukaza bomba linalovuja.

"Dada, mikononi mwako nimezaliwa upya."

"Mtoto gani huyu! Miaka sabini na moja, na kazaliwa na spana mkononi!"

Wakacheka mpaka basi. Mkunga alipoinua uso, akamwona Mama Redio mlangoni, kakumbatia mkoba, na leo ananong'ona.

"Shoga... hizo dawa, hata mtu wa bia tu wanampa?"

Mkunga akavuta kiti.

"Ingia, mwenzangu. Funga mlango."