Kumbukumbu Huangukia Aliye Karibu

Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kanisa nyuma ya maghorofa ya Westlands, viti vya plastiki vilipangwa nusu duara na chai ikamiminwa kabla ya sala. Sister Annah Nzomo, muuguzi mstaafu, aliamini kwamba mtu aliyekesha na mgonjwa hawezi kufumba macho kuomba bila kupitiwa na usingizi. Darasa lake lilikuwa la familia zinazotunza wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Ndivyo tangazo lilivyosema, familia. Waliokuja walikuwa wake za watoto wa kiume, wasichana wa kazi, na Mwololo, bawabu wa Spring Valley, ambaye mwajiri wake, jaji mstaafu, hakuwa na mtu mwingine wa kumkata kucha. Wana wenyewe walikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp, ambako waliandika "Amina" na "Tuko pamoja" kwa bidii kubwa.

Naliaka alikuja kwa niaba ya mumewe, Khaemba, ambaye alikuwa amejiandikisha mwenyewe, kisha akapata mkutano. Mgonjwa alikuwa Mzee Zadock, babake Khaemba. Kwa miaka mingi Mzee alikuwa fundi wa kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha kuchapa kadi za harusi kule River Road. Sasa aliishi nao Mountain View na kila jioni aliuliza basi la Bungoma linatoka saa ngapi.

Kulikuwa na tatizo moja. Wao ni Wabukusu, na kwa desturi yao mke wa mtoto na baba mkwe hawashikani mikono, hawakai karibu, wala hawatazamani usoni. Khaemba alipiga simu nyumbani kuuliza itakuwaje. Wazee wa ukoo wakakaa, wakanywa chai, wakaamua kwamba kwa kuwa Mzee amesahau Naliaka ni mkwe wake, desturi haimfungi tena yeye. Lakini Naliaka hajasahau, kwa hiyo inamfunga. Basi Naliaka alimlisha Mzee kwa kijiko kirefu cha kupakulia, akiwa amekaa upande na kutazama dirishani. Alikuwa amekuwa hodari, na ni mara chache sana alimlisha sikio.

Sister Annah alifundisha akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Usimuulize 'unanikumbuka?' Huo ni mtihani, na atafeli, na atajua amefeli. Mwambie wewe jina yako. Akisema anaenda home, usibishane. Sema haya, twende, mzunguke nyumba, mrudi. Akikuita jina ya mtu mwingine, itika."

Watu wakaandika. Akasubiri kalamu zitulie.

"Sasa tuingie kwa ile ingine. Kitu mzee anasahau haipotei. Inaangukia mwenye ako karibu. Haiangalii damu. Kuna mtu imeanza kumwangukia?"

Mwololo aliinua mkono. Tangu Pasaka alikuwa akikumbuka majira ya baridi katika mji fulani wa Uingereza, na koti lililombana shingoni.

"Nakaa kwa geti saa sita mchana, jua ni kali, na mimi natetemeka," alisema. "Afande wa jirani anafikiria ni malaria."

"Vaa sweta," Sister Annah akamjibu. "Ni ya jaji lakini baridi ni yako."

Msichana mmoja aitwaye Valarie alisema yeye ameangukiwa na nyimbo za kanisa kwa Kikuyu, beti zote, na Kikuyu hakijui. Sister akamwambia aimbe tu, bosi wake atafurahi. Naliaka aliacha kuandika. Kwa muda sasa alikuwa akisoma mabango ya barabarani kutoka kulia kwenda kushoto, upesi na bila kukosea, na alidhani ni uchovu. Sasa alielewa kwamba ilikuwa kazi ya Mzee, maana mpanga herufi husoma kila kitu kinyume. Alijisikia ameonewa kidogo, na pia, ukweli usemwe, alitaka kujua nini kingine kinakuja.

"Sister," aliuliza, "na bibi yake? Kumbukumbu ya bibi yake huanguka lini?"

"Hiyo hukaa mwisho. Utajua tu. Ataanza kuita jina yake asubuhi mpaka jioni. Halafu siku moja anyamaze. Akinyamaza, imeanguka. Kama kuna mtu kwa hiyo nyumba anaitaka, huyo mtu akae karibu. Hakuna dawa ingine."

Naliaka alilibeba hilo hadi nyumbani, kwa maana mtu wa kuitaka alikuwapo. Mamake Khaemba, Lornah, alifariki Khaemba akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hakuacha picha. Kila mpiga picha alipofika bomani, Lornah alikuwa jikoni akiwapikia waliokuja kupigwa picha. Khaemba alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, gari na bima, na bado alipomwona mwanamke wa umri fulani kwenye foleni ya supamaketi alimkodolea macho, akijiuliza kama mamake angezeeka hivyo. Naliaka alimpenda kwa hilo, kuliko alivyompenda kwa mambo mengine.

Alipomweleza, Khaemba alizima televisheni.

"Nitamwona?"

"Utamkumbuka. Kama ni wewe uko karibu."

"Nitakuwa," Khaemba alisema. Akafuta macho na akawasha televisheni tena.

Wiki zilizofuata vitu viliendelea kuanguka. Naliaka aliangukiwa na baiskeli iliyoibwa Eastleigh, na ladha ya pombe ambayo hakuwahi kuinywa. Aliangukiwa na mbinu ya kumsalimia mwenye nyumba bila kusimama. Siku moja alimwacha Mzee kwa jirani yao Everlyn akashuka mjini kuangalia kama River Road ipo jinsi alivyoikumbuka. Alipita kwenye vichochoro bila kuuliza mtu. Kwenye ngazi ya kile kiwanda aliruka kidato kimoja kilicholegea, akagundua kwamba kilizibwa kwa saruji kabla yeye hajazaliwa. Juu walikuwa wakiuza vifuniko vya simu. Chini alimkuta mzee mmoja kwenye duka la misumari na bawaba, na mdomo wake ukasema wenyewe, "Kapteni, umeamkaje?"

Mzee huyo, Musili, alipewa jina la Kapteni na Zadock, na hakuwa ameitwa hivyo na mtu yeyote kwa miaka mingi. Alimpimia mteja misumari yake, akaifunga kwenye gazeti, ndipo akajibu.

"Nimeamka poa. Kumbe ya Zadock imefika huko?"

"Imefika, Mzee."

"Pole. Uliangukiwa na ile baiskeli?"

"Niliangukiwa nayo."

"Ni mimi nilijua mwenye aliiba," alisema Musili, "lakini sasa itasaidia nini."

Naliaka alimuuliza kuhusu Lornah, sura yake. Musili alirudisha misumari iliyobaki kwenye kopo. Alisema alimwona mara moja, alileta chapati, chapati alizikumbuka vizuri. Sura hapana. Zamani mtu hakuwa akimtazama sana bibi ya rafiki yake. Ilikuwa ni heshima.

Mvua za Novemba zilipoanza, Mzee Zadock alianza kuita. Aliita Lornah alipoamka, aliita akiwa na uji mdomoni, aliita mlango ulipogongwa. Khaemba alisikia mwenyewe. Jumapili hiyo hakwenda kanisani. Aliweka kiti kando ya cha babake, akafungua tarakilishi juu ya magoti, akakaa. Babake alimtazama kwa adabu, kama abiria mwenzake. Ilipofika alasiri simu ililia kutoka Westlands. Mteja mkubwa alikuwa hotelini na anaondoka kesho. Khaemba alisimama, akakaa, akasimama.

Usiku alimwambia mkewe, "Mama Ivyne, Ijumaa nimeomba ruhusa. Mpaka hapo tafadhali usimkaribie. Unajua vile uko naye kila saa, itakuangukia wewe."

"Na kula, Baba Ivyne? Na kwenda choo?"

"Msukumie chakula na meza. Si hata desturi inasema ukae mbali? Ni hii moja tu. Zingine zote si nimekuachia?"

Naliaka alikubali. Aliona ni haki, kwa sababu mama hakuwa wake. Kwa hiyo alikaa upande wa pili wa sebule, karibu na televisheni, na kusukuma meza ya uji kwa mpini wa ufagio. Mzee alikula kwa mikono, akamwaga zaidi ya alivyokula, akaita. Nguo zake alizibadilisha jirani Everlyn, akikimbia na kuziba masikio, kwa sababu hakutaka kuangukiwa na mambo ya watu.

Ijumaa ilifika. Asubuhi Khaemba aliitwa ofisini kwa saa moja tu. Adhuhuri aliandika kwamba anamalizia. Alasiri aliandika kwamba yuko kwenye msongamano Museum Hill na magari hayasogei. Mzee alikuwa akiita kwa sauti ya chini sasa, na kwa nafasi ndefu. Kisha akainuka kwenda kwenye basi la Bungoma. Hakuupata mlango. Alisimama akiielekea kona ya ukuta, akapapasa, akajikojolea, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa akilia bila kelele.

Naliaka alisimama pale na ufagio wake. Alimfikiria mumewe kwenye foleni ya supamaketi. Aliandika, "Uko wapi," na simu ikamwonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Mzee aligeuka, goti likamlegea, mkono mmoja ukatafuta kitu hewani.

Akatupa ufagio, akaenda. Alimshika mikono yote miwili, na kwa kuwa aliyekuwa akianguka asingeweza kushikwa kwa kutazama dirishani, alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa na macho ya Ivyne, binti yao.

"Lornah," Mzee alisema.

"Niko hapa," Naliaka akaitika, kama alivyofundishwa.

Mzee akavuta pumzi, akanyamaza. Naliaka alisikia harufu ya moshi wa kuni, na mara Lornah akawa ndani yake. Alimbadilisha Mzee nguo, akapangusa sakafu, akapasha uji. Akakaa karibu naye kabisa, maana hakukuwa na sababu tena ya kukaa mbali.

Khaemba aliingia giza likianza. Alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi, akasikiliza kimya cha nyumba.

"Imeanguka?"

"Imeanguka, Baba Ivyne. Pole. Alikuwa anaanguka na yeye."

Khaemba hakugomba. Alitia funguo mfukoni. "Haya, niambie tu. Yukoje?"

Naliaka alifunga macho atazame vizuri. Ilikuwa nyumba ya udongo, asubuhi, taa ya kandili haijazimwa. Kitandani alilala ajuza aliyekuwa akiita watu kwa majina ya watu wengine. Huyo alikuwa mamake Mzee Zadock, nyanyake Khaemba. Mwanamke alikuwa ameinama akimlisha uji.

"Amefunga leso ya bluu," Naliaka alisema. "Visigino vimepasuka. Mtoto ako mgongoni, ni wewe. Wewe nakuona vizuri, unacheka, uko na meno mawili."

"Na uso wake?"

"Siuoni."

"Angalia tena."

Alitazama tena. Alitafuta na kumbukumbu za siku nyingine, akazipata nyingi, na zote zilikuwa zile zile. Kitanda, leso, kijiko, mgongo. Mzee Zadock alizikumbuka zote kutoka mahali pamoja, mlangoni, begi la safari begani, basi likipiga honi barabarani. "Lornah, nachelewa," alikuwa akisema. Naliaka alikasirika kwa niaba ya mwanamke ambaye hakuwahi kukutana naye na ambaye sasa alimjua kuliko mtu yeyote.

"Hakugeuka," alisema. "Alikuwa anamlisha nyanya yako. Na Baba hakuwahi kuingia ndani."

Khaemba alibaki pale pale. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alisema labda kuna nyingine zimebaki, labda za harusi, na Naliaka akasema labda. Uji ulikuwa unapoa, kwa hiyo alichota kijiko kingine. Simu ikalia mfukoni mwa Khaemba. Akaitazama, akamtazama babake, akaitazama tena.

"Ni yule client," alisema. "Mama Ivyne, nachelewa. Wacha niende nirudi."

"Haya," Naliaka alisema, bila kugeuka, kwa sababu Mzee alikuwa ameshafungua mdomo.