Vidole Vinne Juu ya Maji

"Andika kwamba iko tu," alisema Célestine, na mundu wake haukusimama.

Rénovat hakuandika. Alikuwa ndani ya maji hadi magotini, suruali ya kazi imekunjwa, viatu vimefungwa kwa kamba zake na kuning'inia shingoni. Huyo ndiye aliyekuwa ofisi nzima ya mazingira ya Uvira, yeye na meza yake, kwa sababu wenzake walikuwa wamevuka ziwa tangu vita vilipoanza mara ya pili. Alizaliwa Luberizi, kwenye mpunga na ng'ombe, na mpaka asubuhi ile matete kwake yalikuwa kitu cha kupenya mtu akienda kuoga.

"Mama, 'iko tu' haiandikwe mu rapport. Shefu wa mtaa atanicheka. Nakuuliza tena: hii matete inatusaidiaka nini, sisi bantu ya Kimanga?"

"Weye unakunywaka maji ya wapi?"

"Ya hapa, ku ziwa."

"Basi."

"Basi nini?"

Célestine akanyoosha mgongo, akamtazama kwa huruma. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, si kwa kiburi, bali kwa sababu tangu utotoni alifanya kazi mahali ambapo hakuna wa kuzungumza naye ila ndege. Mama yake alikata matete, bibi yake alikata matete, na nusu ya nyua za mtaa wa Kimanga zilitoka mikononi mwao. Aliipenda kazi hiyo bila kujificha. Alipenda ule ubaridi wa asubuhi miguuni, na jinsi bua lililokomaa linavyokatika kwa sauti moja tu, safi. Alichomeka mundu kiunoni, akamshika afisa mzima mkono kama anavyoshikwa mtoto wa shule, akaenda naye mpaka mdomo wa kijito.

Pale maji yalikuwa mekundu, yametoka milimani na udongo wa mashamba ya watu. Wakaingia katikati ya matete, polepole, tope likivuta nyayo zao. Walipotokea upande wa pili, Célestine akamwambia aangalie chini. Rénovat akaangalia, akaviona vidole vyake vya miguu vyote kumi.

"Udongo imebakia wapi?" aliuliza.

"Mule tumetoka. Matete inaishika."

Akamwonyesha pia madimbwi madogo kati ya mashina, ambamo samaki wachanga, ngege, walikuwa wakicheza, wembamba kama vipande vya uzi. Akamwonyesha mawimbi ya upepo wa kiangazi, ule utokao kusini, yanavyokuja na makelele halafu yanachoka kabla ya kugusa ukingo. Rénovat akaandika mpaka kalamu yake ya risasi ikawa butu, akainoa kwa mundu wa mwenyeji wake, akaendelea. Ilikuwa miaka mingi tangu kazi yake imfurahishe hivyo, na alisema hivyo waziwazi.

"Na pale?" akauliza, akinyoosha kidole mahali penye upara, chini ya nyumba ya Bella, jirani wa Célestine, ambapo hapakuwa na tete hata moja na ukingo ulikuwa umeng'atwa na maji.

Célestine akauomba mundu wake, akaurudisha kiunoni.

"Pale basoda balikata. Mwaka wa tisini na sita."

Rénovat akaandika hivyo: askari. Hakukuwa na sababu ya kutilia shaka, maana Kimanga nzima ilisema hivyohivyo.

Daftari lile lilikuwa na haraka yake. Mwezi uliopita, alfajiri, watu wenye silaha walikuja kwa mitumbwi, wakajificha ndani ya matete, halafu wakapanda mtaani na kuchukua vijana wawili na cherehani tatu. Komanda wa kikosi kilichoshika mji wakati huo akaamuru ukanda wote wa matete, kutoka mdomo wa kijito hadi mwisho wa mtaa, ufyekwe kwa salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Si amri ya mwendawazimu. Nani hakuogopa? Hata Célestine alikuwa akilala na viatu karibu na mlango. Lakini Gaspard, shefu wa mtaa, alikuwa mtu wa kupenda karatasi, na sheria ya zamani ilisema ofisi ya mazingira iulizwe kabla ya kugusa ukingo wa ziwa. Komanda alicheka, kisha akawapa mpaka Alhamisi.

Alhamisi saa nne wakakutana katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Rénovat akasoma rapport, ile ripoti yake, kwa sauti ya kanisani. Maji ya kunywa. Samaki. Mawimbi. Nyua na mikeka. Watu walitingisha vichwa, na mvuvi mmoja mzee akanong'ona kwamba mtu wa Luberizi amejifunza ziwa zaidi kwa siku mbili kuliko wengine kwa miaka sitini.

Komanda alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja mikono. Alijua kusikiliza.

"Nimesikia," alisema. "Lakini hii ni majani. Majani mutu anakata, inaota. Munionyeshe mahali moja tu kwenye matete ilikatwa na haikurudia."

"Pale chini ya nyumba ya Bella," alijibu Gaspard. "Basoda ya tisini na sita balifyeka. Mpaka leo ni upara."

"Bale pengine balichoma, ao balimwanga mafuta. Siye hatutachoma. Tutakata muzuri, chini kabisa ya maji, ili kisiki isichome mama zetu miguu benye kuja kuteka maji."

Darasa likapumua kwa kuridhika. Lilikuwa wazo la huruma, na wanawake kadhaa wakamshukuru kwa heshima. Bella mwenyewe, aliyekaa dawati la mbele, mjane mwembamba mwenye kitenge cha maua, alisema hilo ni jambo la maana. Na Rénovat, ambaye alijifunza mengi kwa siku mbili lakini hakujifunza yote, akainama kuliandika.

Célestine alilijua wazo lile. Alijua hata sauti yake, mundu unapokata ndani ya maji, sauti nzito isiyo na mlio. Kama angenyamaza, Jumamosi watu mia mbili wangeingia ziwani na huruma yao yote, na baada ya mvua za kwanza pasingebaki kitu cha kuota. Kama angesema, angemkosa Bella. Na Bella alikuwa kila kitu alichokuwa nacho upande ule wa ua: chumvi ya kuombana, mtu wa kusukana nywele, mtu wa kukimbia naye. Aliona aibu, na aliogopa, na kwa muda alitamani kengele ya shule ilie watu wote watoke nje.

Akasimama. Dawati likainuka naye kidogo kabla ya kumwachia, na watu wakacheka.

"Haikukuwa basoda," alisema.

Hawakuelewa.

"Pale ku Bella. Ni miye nilikata."

Gaspard alimwambia azungumze kwa nguvu. Akazungumza kwa nguvu. Alisema kwamba waliporudi kutoka walikokimbilia, mama yake alichomwa na kisiki cha tete akiteka maji, mguu ukavimba mpaka gotini. Ndipo yeye akaingia akakata yote pale, chini ya maji, mpaka mtu angeweza kutembea bila viatu. Mama yake alimkataza, akisema bibi aliacha kisiki cha vidole vinne juu ya maji siku zote, lakini yeye alidhani ni maneno ya homa.

"Tete inapumuaka na ule mudomo yenye umekata," alisema. "Ukiacha mudomo juu ya maji, inaota. Ukiuzamisha, maji inaingia ndani mpaka ku mizizi, inakufa yote. Inakufa kama muntu. Niliona inaoza. Kisha mawimbi ikaanza kula ukingo. Ikakula jiko ya Bella."

Hakumtazama Bella. Alitazama ubao, ambapo mwalimu alikuwa ameacha hesabu za kugawanya.

"Na tulitukana basoda pamoja, miye na yeye. Miaka tano."

Bella alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya dawati, ametulia kabisa, na shingo yake iliyokakamaa tu ndiyo iliyoonyesha kwamba amesikia.

Komanda ndiye aliyesema kwanza, na alisema kama askari. Alitaka kujua kisiki cha vidole vinne kitamficha mtu au hakitamficha.

"Hakifiche hata bata," alisema Célestine. Baada ya kutoa lile kubwa, haya mengine yalimtoka kwa urahisi wa ajabu. Akamweleza kwamba hakuna haja ya kufyeka yote. Zikatwe njia zilizonyooka, kutoka ukingoni hadi maji wazi, upana wa mtu mwenye mzigo kichwani akipishana na mwenzake. Askari akisimama mlimani ataona mpaka ziwani, na matete yatakayobaki kati ya njia yatakuwa membamba kiasi kwamba mtumbwi hauwezi kujificha humo. Njia zikianza kuota, zinakatwa zingine, na zile za kwanza zinaachwa. Mama yake alikata hivyo maisha yake yote, ingawa hakuwa akiwaza mitumbwi ya watu wenye silaha.

"Weye ungekuwa soda," alisema komanda, kama anayemwandikisha jeshini.

"Siwezi. Niko na kazi."

Rénovat akalikata lile neno la basoda katika rapport yake, akaandika upya, ukurasa mzima: njia, upana, vidole vinne, nani atapita kukagua. Chini yake Gaspard akapiga muhuri, akaupuliza ukauke. Komanda aliweka sahihi kwa sharti: miezi mitatu ya kujaribu, na mtumbwi mmoja ukipita bila kuonekana, matete yote yanalala. Kwa wakati ule, miezi mitatu ilikuwa kitu kikubwa. Watu walitoka nje wakizungumza kwa sauti, na mvuvi mzee akampa Célestine mkono kwa mikono yote miwili. Bella alikwishaondoka.

Ijumaa Bella hakuja kuomba chumvi wala kurudisha kikapu alichoazima. Célestine alipika, akala, akafua, na chakula kilishuka vizuri kuliko alivyotarajia. Alikuwa na huzuni, lakini ilikuwa huzuni nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo na bado anasikia uzito wake shingoni.

Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika majini. Watu walipojaa, alipita kati yao akiwaonyesha, akiwashika mikono, akiwainua wale waliozoea kuinama mno. Miaka yote alikata peke yake, na sasa mtaa mzima ulikuwa ndani ya maji ukimwita, mama hapa, mama angalia hii. Alijikuta anatabasamu na hakujizuia. Rénovat alikuwa na mundu wa kuazima na alikata vibaya, lakini kwa kimo sahihi.

Alipofika mwisho wa ukanda, karibu na ule upara, alimkuta Bella ameingia majini, kitenge kimefungwa juu ya magoti.

"Yaya Célestine," alisema Bella, akimwita dada mkubwa kama zamani, bila kumtazama. "Mambo ya jiko yangu, tutasema siku ingine. Na tutasema mingi."

"Ndiyo."

"Leo unionyeshe kwenye ninaanzia."

Célestine akamwonyesha. Bella akashika bua la kwanza, akapima kwa mkono wake, akaongeza mkono wa pili juu ya ule wa kwanza kwa kutoamini, akakata. Kisiki kilibaki juu mno, karibu kufika kiunoni. Célestine aliona, akakiacha hivyohivyo. Akaanza njia yake pembeni, kwa mwendo wa polepole kuliko kawaida yake, ili wafike pamoja kwenye maji wazi.