Kufuli la Mlango wa Kushoto

Meneja Kibe alipoleta fundi wa kuchomelea vyuma, madereva wa maziwa pale Kitale walidhani bodi za magari zinakarabatiwa. Kumbe kila gari lilitiwa komeo nje ya mlango wa kushoto, na juu ya komeo likaning'inizwa kufuli. Utingo angeingilia upande wa dereva, na funguo zingekaa kwa bawabu wa depo ya Bungoma, maziwa yalikopelekwa.

"Mmefanya magari ya kampuni kuwa ya abiria," Kibe alisema. "Sasa tuone watapandia wapi."

Hakusema uongo. Nasike mwenyewe, dereva mwanamke wa pekee pale, aliwahi kuwabeba watu wa Saboti siku za mvua. Hata hivyo aliinua mkono.

"Bosi, na gari ikilalia upande wa dereva, sisi tutatokea wapi?"

"Kwani umepanga kuangusha gari?"

Wengine walicheka, kicheko cha watu wenye watoto shuleni. Mzee Makokha hakucheka. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeshika usukani kabla Nasike hajazaliwa.

"Msichana ameuliza swali," alisema. "Si umjibu, bana."

Kibe alijibu kwamba asiyetaka, lango li wazi.

Huko nje Makokha na Nasike walizungumza na wenzao mmoja mmoja, wakaafikiana kwamba Jumatatu hakuna atakayewasha gari. Jumatatu ilipofika kila mtu alikuja na sababu yake. Kigen alisema mke wake ni mgonjwa; mwingine alisema ndiyo kwanza ameajiriwa. Wakabaki wawili, na wawili hawafanyi mgomo.

"Twende tu, mwanangu," Makokha alimwambia Nasike. "Tutauliza tena."

Mvua iliwapokea Kamukuywa. Makokha alikuwa mbele na utingo wake Kiplimo, Nasike akifuata. Karibu na Misikhu pikipiki iliingia barabarani bila kutazama. Makokha akaikwepa, gari likateleza, likalala ubavu wa kulia ndani ya mtaro uliofurika.

Nasike alipofika, Kiplimo alikuwa akipiga ngumi kioo cha mlango wa kushoto, ambao sasa ulitazama juu. Watu wa sokoni wakakivunja, wakamvuta kupitia dirishani akivuja damu. Alipenya kwa sababu ni mwembamba kama ufito.

"Mzee yuko chini!" alipiga kelele. "Mguu imeshikwa na usukani!"

Nasike alipanda juu ya gari, akajiingiza dirishani kichwa chini, wanaume wakimshikilia miguu. Maji ya matope yalikuwa yamemfika Makokha kifuani. Akaishika kola yake kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamwinua kidevu. Kuunasua ule mguu kulihitaji mtu wa nguvu ashuke ndani, na mtu wa nguvu hakuenea pale dirishani. Nyuma yake watu walilipiga kufuli kwa mawe, kisha kwa jeki.

"Umenishika?" Makokha aliuliza.

"Nimekushika, mzee."

"Usiachilie."

Hakuachilia. Maji yalipanda yakafika mdomoni, yakapita pua, naye akaendelea kuvuta hata alipojua anavuta mzigo tu. Hatimaye kufuli lilivunjika. Mlango ukafunguka kwa wepesi, kama wa kabati.

Kabla polisi hawajafika kuyakagua magari mengine, makufuli yote yalikuwa yameondolewa.

Kwenye mazishi, nyumbani kwa Makokha nje ya Bungoma, Kibe alipewa nafasi ya kusema machache. Akamsifu marehemu, kisha akasikitika kwamba mwendo wa kasi umeponza wengi. Nasike alisimama bila kuitwa.

"Hakuwa na kasi. Mlango ulifungwa na kufuli. Tuliuliza tutatokea wapi, tukachekwa."

"Ni kweli," Kiplimo alisema, bendeji ingali kichwani.

Mama Phelista, mjane, hakumtazama Kibe hata kidogo. Alimtazama Nasike.

"Ulipomfikia, alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, mama. Tuliongea."

Mama Phelista alifunika uso kwa leso. Kilio chake kilipanda polepole, kikawashika wanawake wote waliomzunguka.

Nasike aliachishwa kazi wiki hiyohiyo. Alikwenda na Mama Phelista kuandikisha taarifa polisi. Kesi ikafunguliwa, na mpaka leo inaahirishwa. Kibe alihamishiwa tawi lingine, akiwa na cheo chake kilekile.

Siku moja Kigen alimfuata Nasike kwao Endebess. Alisema naye ameandikisha taarifa. Akakaa akiikunja kofia yake.

"Tungekataa wote ile Jumatatu," alisema, "si mzee angekuwa hapa."

Nasike hakumwambia, "Si neno." Alimimina chai, akamsogezea kikombe, akaketi mbali naye.