Mkono wa Gracien ni wa Nani?

Tangu alipovunjika shingo katika shimo la wachimbaji, ambamo aliingia ingawa nilimkataza, mjukuu wangu Gracien hakuweza kukunja hata kidole kimoja. Kisha madaktari walimpandikizia chini ya ngozi ya mkono mmoja nyaya na kifaa cha kuamsha neva, wakamrudisha kwangu mtaani Panda akiwa anaweza kushika kijiko. Majirani waliimba haleluya. Mimi sikuimba.

Nilikuwa nimeona jambo: kila mkono ule ulipokunjika, Dokta Clotilde, mmoja wa madaktari wale, alikuwa karibu, ameshika kisanduku chenye vitufe. Sasa alitaka wapasue na mkono wa pili, na Gracien alikuwa amekataa kupasuliwa bila neno langu.

“Mama Dokta,” nilisema, “mjukuu wangu si redio ya kufunguliwa na kufungwa na mgeni.”

“Papa, hii kisanduku ni ya kupima tu. Gracien anaamuru na bega yake. Akiinua, mukono inafunga. Akishusha, inafunguka.”

“Basi nipe hicho kisanduku.”

Nilikitia katika mfuko wa koti, nikafunga kifungo. Kisha nikamletea Gracien chai katika kikombe cha marehemu mke wangu Berthe, ambacho hakuna aliyekigusa bila ruhusa yangu. Bega likainuka, vidole vikakishika.

“Umeona, Papa?”

“Nimeona kikombe. Huenda ulikibonyeza kisanduku kabla ya kunipa.”

“Eh, Nkambo!” Gracien alicheka, akiniita babu kwa lugha ya kwetu. “Mufunge na madirisha, pengine dokta iko na kingine inje!”

“Usicheke na mkubwa wako. Shika, na usiachie mpaka niseme.”

Alinitazama kwa macho yale yale aliyonitazama nayo siku nilipomkataza shimo. Bega likashuka. Kikombe kikapasuka sakafuni, chai ikafika kwenye viatu vyangu.

“Mon Dieu! Pardon, Papa,” alisema daktari. “Pengine waya...”

“Hapana waya,” alisema Gracien. “Njo miye mwenyewe, Nkambo. Mulisema nisiachie, nimeachia.”

Nilimkemea kwa sauti iliyofika barabarani. Alinisikiliza bila kuinamisha macho. Nilipomaliza, nilifungua mfuko, nikamrudishia daktari kisanduku chake.

“Mkono ni wake huyu mkaidi. Pasueni na ule wa pili,” nilimwambia. “Lakini vikombe vilivyobaki, nitavifungia kabatini mimi mwenyewe.”