Sindano za Mchana

…na tena umepita pembeni, uzi umegonga ukingo wa tundu ukapinda, anaulowesha kwa ulimi, anausokota kwa vidole viwili, anainua sindano kuelekea dirishani, na mwanga upo, jua limejaa chumba kizima mpaka chini ya cherehani, lisisingiziwe jua, anayekosa hapa ni yeye, fundi ambaye wateja walizoea kusema anashona hata akisinzia, leo yuko macho na hashoni, na kilichobaki ni pindo la chini tu, pindo la gauni la ubatizo la kichanga cha jirani, linashonwa kwa mkono lisionekane, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, aliyeamua ubatizo uwe wa nyeupe hakuwa fundi, Bwana nisamehe, na mwenye gauni atapita leo hii… umepita tena, safari hii upande wa pili. Na sindano zenyewe si kwamba hana, pale kwenye kimto zimo tele, jana jua la utosini alikaa hapa akatunga kila sindano iliyomo ndani ya nyumba, kila moja na mkia wake wa uzi, maana na jua la mchana walikuwa bado wanaelewana, akazichomeka zote na kujiona mjanja, akiba haiozi, akalala usingizi wa mtu mwenye akili, kumbe usiku nyuzi zimekaa zikasemezana, asubuhi amekuta kichaka, akivuta mkia mmoja kinakuja kimto kizima, na macho yaliyomkimbia kwenye kutunga ndiyo hayohayo yaliyomkimbia kwenye kufumua, mpaka akashika mkasi akakata uzi wa sindano moja, na ndiyo hii, tupu, imemkodolea tundu lake. "Mama," sauti ya mkwewe inatoka chumba cha ndani, "umekuwa kimya, unatafuta kitu?" na yeye anajibu kwamba hatafuti kitu, amgeuze mgonjwa kwanza, na Chiriku, ndivyo wanavyomwita mkwe huyu kwa wingi wa maneno, anaendelea kumsemesha mumewe, inua mkono, huo mwingine, maneno yangu yangekuwa dawa ungeshapona, na mgonjwa anacheka kisha anaguna, maana kucheka kunamuuma, mwanawe wa pekee, fundi wa paa, alishuka kutoka juu ya nyumba ya watu bila kutumia ngazi, yeye mwenyewe ndivyo anavyolisema kwa mzaha, na mgongo umegoma tangu siku hiyo, kwa hiyo nyumba nzima inakula kwenye sindano hii, hii hapa, isiyoingia uzi. Msisumbuke, alisema mchungaji Jumapili, watazameni ndege, hawalimi na wanakula, tazameni maua ya kondeni, hayashoni wala hayasokoti na yamevikwa, na yeye kwenye benchi akanong'ona moyoni kwamba ua halina mwana aliyelala chali, ndege haendi kwa daktari wa macho… maana yeye alikwenda, peke yake, aliaga anakwenda kununua vifungo, na daktari alikuwa mpole, na upole ule ndio uliomtisha, mtu hawi mpole hivyo bila sababu, akasema si mtoto wa jicho, mama, huyo tungemtoa, hii ni presha ya jicho, imekula mshipa, kilichokwenda hakirudi, tone hili asubuhi na jioni lilinde kilichobaki, na yeye akaitikia kwa kichwa kana kwamba ni habari za jirani, akarudi na vifungo kweli, na chupa ya dawa iko chini ya vifungo hivyo, ndani ya kopo, hujitia matone chooni mlango umefungwa, mtu mzima na wajukuu Mungu akijalia, anajificha kama mwizi wa sukari. Nipe macho, Bwana, kila siku hiyo tu, sikuombi kingine, nipe macho kwa sababu mikono mingine ya kazi haimo humu… haimo? Chiriku si aliomba, wiki ileile mumewe alipoanguka, mama nifundishe angalau mapindo na vifungo, na yeye akamjibu kwa mkato kwamba cherehani moja haina mabibi wawili, mtoto wa watu akanyamaza siku nzima, jambo ambalo halijapata kutokea, na haikuwa cherehani, aseme kweli sasa, ilikuwa hofu, akishajua yeye mimi nitakuwa nani, bibi kipofu wa kwenye kona, wa kuhamishwa na kigoda chake wakifagia, kama mama yangu… lakini mama hakuhamishwa. Linamjia bila kuitwa, lile bega, mkono wa mama juu ya bega lake alipokuwa msichana mdogo, mwepesi, una joto, macho ya mama yamekwisha kufa na wao wanatelemka kwenda kisimani, mawe yanateleza, na yeye mtoto anataka kumweleza kila kitu mapema, mbele kuna kona, halafu mti umeanguka, halafu matope, na mama anamwambia taratibu, "Sikuulizi njia yote, mwanangu, niambie hatua hii." Na walifika, na maji waliteka, na kesho yake walifika tena. Je, ulikuwa mzigo ule mkono? Anaitafuta chuki moyoni, hata chembe, hata uchovu, haioni, anachokiona ni kitoto kinatembea kifua mbele machoni pa wenzake kwa sababu kimekabidhiwa mama, akiukosa ule mkono asubuhi alijisikia mtupu, na mama naye lazima aliomba macho, nani asiyeomba, aliomba usiku akilia, na Mungu hakumpa macho, alimpa… ee Mungu wangu, ulimpa mimi. Na mimi nakulilia wewe kwamba umeninyima, na huku nimemfungia mlango uliyemtuma. Machozi sasa, hayo nayo yanaliosha tone la asubuhi, kweli daktari hakumwonya kuhusu kulia, na sindano bado iko hewani, na uzi bado uko nje, na hofu haijaondoka, hapana, asidanganye, imekaa palepale, ila imepungua ukubwa, haijai tena chumba, inaacha nafasi ya mtu mwingine kukaa pembeni. Nyayo. Chiriku amesimama mlangoni, ameshika beseni, anasema mgonjwa amelala, anauliza mama umepumzika kidogo? na jibu lipo tayari, limezoea njia, ndiyo, nimechoka tu mgongo, kisha sindano huchomekwa haraka kwenye kitambaa kana kwamba kazi inaendelea… mkono unaanza kuteremka kama ulivyozoea, anauzuia, anauacha juu palepale kwenye mwanga, sindano huku na uzi kule, mtu yeyote aone.

"Sioni, mwanangu," anasema. "Si leo tu. Weka beseni, njoo ukae hapa."