Mwakani, Inshallah

Fomu yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, ndiyo maana Redempta aliidharau. Aliipokea Jumapili saa ya chai kwenye kantini ya wafanyakazi, akaitia mfukoni mwa aproni na kusema ataimaliza kabla chai haijapoa. Hadi Jumatano alikuwa amekunywa chai nyingi sana, na fomu bado nyeupe pe.

Habari ilikuwa hivi. Hoteli yao pale Deira, Dubai, iliamua kwamba kiinua mgongo kisisubiri tena siku mtu anapofunga virago. Kila mwezi hoteli ingeweka fungu la kila mfanyakazi kwenye uwekezaji, na mwenyewe angechagua likae katika mfuko upi kati ya mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa akiba za benki na hatifungani, mpole, unakua taratibu. Wa tatu ulikuwa wa hisa za makampuni ya nchi nyingi, leo unapanda, kesho unaporomoka. Wa pili ulikaa katikati, huku kidogo na kule kidogo. Ukishachagua, huruhusiwi kubadili mpaka mwaka uishe.

Redempta alikuwa na miaka ishirini na sita na alioka mikate katika jiko la hoteli. Alijua anachotaka. Alitaka siku moja awe na duka lake la mikate Bukoba mjini, lenye tanuri kubwa la umeme na jina lake juu ya mlango. Kwa hilo, mfuko wa tatu ulimvuta. Lakini Raed, afisa utumishi, kijana wa Kijordani aliyependa kazi yake kupita kiasi, alikuwa amewaeleza jambo kwa Kiingereza chake cha mbio.

"Anayeondoka karibuni abaki mfuko wa kwanza," alisema. "Anayekaa miaka mingi anaweza kuingia wa tatu. Ukianguka, ana muda wa kungoja uinuke. Kwa hiyo anza na swali hili hapa juu. Utakaa miaka mingapi? Kadiria tu. Yalla!"

Kadiria tu! Raed hakujua alichokigusa. Waswahili wa Dubai, wawe wa Mombasa, wa Unguja au wa Bukoba, swali hilo wana jibu lake moja: mwakani, inshallah. Wanalijibu kama mtu anayeulizwa habari za asubuhi akasema nzuri, na huku jino limemkeshesha. Hakuna anayeona kuwa ni uongo.

Redempta naye alikuwa Mkatoliki wa Kamachumu, kule Kagera, lakini inshallah alishaizoea. Kila Jumapili alimpigia mama yake, na kila Jumapili mama aliuliza, "Unarudi lini, mwanangu?" Naye alijibu, "Mwakani, Mama." Alikuwa ameshajibu hivyo miaka mitatu. Moyoni alijua ni saba mingine, kama Mungu atamjalia visa na afya. Basi akiiandika saba kwa mkono wake mwenyewe, Jumapili ijayo angemwambia nini mama? Aliona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyomzuia kushika kalamu.

Jioni hiyo, katika chumba chao cha mtaa wa Al Baraha, alimwomba ushauri Bi Najla aliyeishi naye. Huyu alikuwa mama wa Kiunguja aliyeshona na kurekebisha sare za hoteli, na hapo Dubai alikuwa amemaliza miaka kumi na tisa.

"Andika mmoja, mwanangu," Bi Najla alisema bila kuinua macho kwenye sindano. "Sote tumeandika mmoja. Ukiandika mingi utakuwa umejiapiza, utazeekea huku."

Kusikia hivyo, Redempta akaandika mmoja, akatia alama kwenye mfuko wa kwanza, na asubuhi akairudisha fomu. Hakujisikia vizuri hata kidogo.

Alhamisi saa sita mchana Raed aliingia kantini na bunda la karatasi, uso umemparama.

"Nimewakosea nini?" aliuliza. "Watu ishirini na wawili kutoka Afrika Mashariki, na wote mnaondoka mwakani! Meneja ameniambia nianze kutafuta waokaji wapya, walinzi wapya, kila mtu mpya. Ni hoteli gani inayowaiba?"

Watu waliangalia sahani zao. Mwishowe Evans, mlinzi wa mlangoni kutoka Mombasa, alikohoa.

"Sir, hakuna mtu anaenda. Sisi huandika tu hivyo."

"Mnaandika tu hivyo?" Raed alichomoa karatasi moja. "Bi Najla! Wewe ulikuja hapa mimi niko shule ya msingi. Unaondoka lini?"

"Mwakani, inshallah," Bi Najla alijibu kwa adabu zake zote.

Kantini nzima ililipuka kwa kicheko. Evans alipiga meza mpaka chumvi ikamwagika, na Bi Najla mwenyewe akajifunika uso kwa ushungi, mabega yakimtikisika. Raed alijitahidi kukasirika, akashindwa, akavuta kiti.

"Sikilizeni," alisema. "Fomu hii haiendi uhamiaji, wala haiendi kwa mama zenu. Mkisema mwaka mmoja kila mwaka, pesa zenu zitalala miaka yote kwenye mfuko wa mtu ambaye ameshapakia sanduku. Asiyependa hisa asizichukue, khalas. Lakini aniambie miaka ya kweli."

Aliyeacha kucheka wa kwanza alikuwa Bi Najla. Alinyoosha mkono akaomba fomu mpya.

Redempta pia alichukua mpya, lakini hakuiandika. Alitoka nayo hadi mlango wa nyuma, pale malori ya unga yanaposhushia mzigo, akapiga simu Kamachumu.

"Kuna nini?" mama alipokea kwa hofu. "Leo si Jumapili. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Mama, nisikilize kabla sijaogopa. Mwakani sirudi."

Kule ng'ambo kuku alilia, mtu akamfukuza.

"Lini, basi?"

"Miaka saba. Nataka nirudi na tanuri langu, Mama, nisirudi kuoka mikate ya watu. Nimekudanganya miaka yote hii, unisamehe."

Mama alishusha pumzi ndefu kweli, na Redempta akafumba macho akingoja kilio.

"Afadhali umesema," mama alisema. "Chumba chako nimempangisha mwalimu Zakayo tangu mwaka juzi. Kila ukiniambia mwakani, nikikata simu nakosa raha, natafuta maneno ya kumtoa, siyapati. Ni mtu mzuri, na kitanda chako anakisifia sana."

Redempta alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga, machozi yanamtoka, na hakujua ni ya nini hasa. Aliiweka fomu gotini, akaandika saba, akatia alama kwenye mfuko wa tatu.

"Sasa," mama aliuliza, "nimwambie mwalimu ana miaka saba?"

"Mwambie, Mama."